Ufunguo Uliobaki Mdomoni

Nilifika mlangoni saa nne asubuhi, nikakuta pamefungwa. Ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo Makumbusho ya Patek Philippe, kampuni ya saa ya Geneva, hufunguliwa saa nane mchana. Kosa langu, sikusoma. Mkutano ulionipeleka Geneva ulikuwa umekwisha jana yake na ndege yangu ilikuwa ya kesho, kwa hiyo nikawa na saa nne za bure katika mji unaoishi kwa saa.

Nikavuka mto Rhône kuingia Saint-Gervais. Huku ndiko walikokaa mafundi saa wa zamani, wale walioitwa cabinotiers. Walifanyia kazi ghorofa za juu kabisa, chini ya paa, penye madirisha mapana, wapate mwanga. Katika karne ya 16 Jean Calvin, kiongozi wa Waprotestanti, alipoubana mji usijipambe kwa vito, masonara wengi waligeukia saa. Wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa wakaja na ujuzi wao, na mwaka 1601 mafundi wakawa na chama chao. Nilisimama njiani nikiyatazama yale madirisha, nikamkumbuka baba. Ni fundi saa, Tanga. Tangu nipate akili, kimeza chake chenye kisanduku cha kioo kiko barazani, hakijawahi kuingia ndani. Watu hudhani anakwepa kodi ya chumba. Mwenyewe husema jicho la fundi linakula mwanga.

Saa nane kamili nilikuwa wa kwanza kuingia. Makumbusho yako mtaa wa Plainpalais, katika jengo la zamani lenye ghorofa kadhaa, na yalifunguliwa mwaka 2001. Msingi wake ni mkusanyo wa Philippe Stern, ambaye ukoo wake uliinunua kampuni mwaka 1932. Kabla ya hapo akina Stern walikuwa watengenezaji wa nyuso za saa tu, wakiiuzia kampuni hiyohiyo. Habari hii ilinifurahisha kuliko dhahabu yote niliyoiona baadaye.

Chini kabisa kuna meza za mafundi na zana zao: tupa, mashine ndogo za kukerezea, vibano, mashine za kuchonga meno ya magurudumu. Wageni wengine walipita haraka kuwahi vito. Mimi niliganda hapo. Meza za kazi ni za juu, zinamfika fundi kifuani, na nyingine zina kitu cha kuvuta kama droo kinachokaa juu ya mapaja ili skrubu ikiponyoka isifike sakafuni. Baba hutandika kikoi mapajani kwa kazi hiyohiyo. Utotoni nilidhani anaogopa kuchafua suruali.

Ghorofa ya pili ni ya saa za kale, kuanzia karne ya 16. Za mwanzo ni nene kama kopo la tumbaku na zina akrabu moja tu, ya saa. Za dakika zilikuja baadaye sana. Kisha zinaanza rangi za enameli, sura za watu zilizochorwa kwenye duara lisilozidi sarafu, ndege wa kuimba, na kiwavi wa dhahabu anayetambaa kwa kamani iliyofichwa tumboni. Vinapendeza, sikatai. Lakini baada ya kabati la tano nilichoka, kama mtu aliyelishwa halua tupu.

Nikateremka ghorofa ya kwanza, kwenye saa za kampuni yenyewe. Antoni Patek alikuwa Mpolandi aliyekimbia kwao baada ya maasi dhidi ya Warusi kushindwa. Mwaka 1839 alianza biashara Geneva na fundi saa Franciszek Czapek. Mwaka 1844, kwenye maonyesho ya Paris, alikutana na fundi Mfaransa, Adrien Philippe, aliyekuwa na saa ya ajabu: haikuhitaji ufunguo. Hadi wakati huo karibu kila saa ya mfukoni ilikuwa na kijifunguo chake, na kikipotea saa husimama. Philippe alikiondoa, ukawa unazungusha kichwa cha saa kwa vidole. Malkia Victoria alipata ya namna hiyo mwaka 1851, ya buluu, na nayo iko pale kabatini.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Ufunguo uliondoka kwenye saa za mfukoni zamani hizo, na bado sisi tunasema "tia saa ufunguo". Nimeisikia kwa baba maelfu ya mara, akiishika saa ya mkono isiyo na tundu lolote la ufunguo, na sikuwahi kujiuliza ufunguo gani.

Karibu na njia ya kutokea nilisimama mbele ya saa ya mfukoni iitwayo Calibre 89, iliyotengenezwa kwa ajili ya miaka 150 ya kampuni. Ina uzito wa zaidi ya kilo moja, vipande 1,728, na kazi 33, ikiwemo kukokotoa tarehe ya Pasaka na kuonyesha saa ya jua kuchomoza na kuzama. Ni mashine ya kutisha, wala siwezi kusema ni nzuri. Geneva, macheo ya Juni na ya Desemba hupishana kwa zaidi ya saa mbili, kwa hiyo naelewa kwa nini mtu atake gurudumu la kuyafuatilia. Tanga jua halihangaiki hivyo. Likichomoza tunaanza kuhesabu, na akrabu ikiwa kwenye 7 tunasema saa moja bila kumsumbua fundi.

Jioni nilimpigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeziona?"

Nikamweleza kiwavi, saa ya Malkia, na ile ya kilo. Alisikiliza, akaguna kidogo kwenye kilo. Nilipofika kwenye meza za mafundi akanikatiza.

"Dirisha lao liko upande gani? Kushoto au mbele?"

Sikuwa nimetazama.

"Basi," akasema, "ukirudi huko, tazama."