Nilivyojifunza kuangalia kriketi ya Testi sauti ikiwa imezimwa

Katika duka la vitambaa ninalofanyia kazi hapa Makoroboi, Mwanza, runinga haizimwi India ikiwa inacheza Testi, ile kriketi ya siku tano. Mechi ya nyumbani kwao ikianza saa tatu na nusu asubuhi, kwetu ni saa moja tu, kwa hiyo tunafungua mlango mirusho ikiwa imeshaanza. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Mzee, ni India damu. Jirani yetu muuza vyombo ni shabiki wa Pakistani. Mimi ni Msukuma wa Igoma. Kriketi niliikuta hapo dukani, na hii ya siku tano ndiyo iliyoniteka.

Kilichoniudhi ni jinsi watu wanavyobishana kwa maneno ya mtangazaji. Mpira ukigonga pedi, ile kinga ya mguu wa mpigaji, wanasubiri aseme. Akiguna tu, basi mwamuzi kahongwa. Na watangazaji wengi ni wachezaji wastaafu wa nchi inayorusha mechi, watu walioivaa jezi ile ile. Sidhani wanadanganya. Upendeleo wao uko katika wanachochagua kukirudia: kosa lililoiumiza timu yao linajadiliwa hadi mapumziko ya chai, lililoibeba linapita kimya.

Nikamwomba Mzee tuzime sauti. Alikubali kwa shingo upande. Kisha nikajiwekea utaratibu: warushaji wakidai mpigaji atolewe kwa mguu mbele ya wiketi, yaani mguu wake umezuia mpira uliokuwa ukienda kwenye vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, najibu maswali matatu kwa sauti kabla ya marudio. Mpira ulidunda wapi? Ukidunda nje ya kijiti cha upande wa miguu, mpigaji hatoki, hata kama ungeng'oa vijiti vyote. Ulimgonga wapi? Ukimgonga nje ya kijiti cha upande wa pili naye alijaribu kupiga kweli, hatoki. La mwisho, ungefika kwenye vijiti? Hilo ndilo gumu, na ndilo watu wanalikimbilia kwanza.

Mechi iliyonipa imani na utaratibu huu ni ya Uingereza na Australia pale Headingley, Uingereza, Agosti 2019. Uingereza walitolewa wote kwa mikimbio 67, ndizo pointi za kriketi, katika zamu ya kwanza, halafu ili washinde wakatakiwa kufikisha 359. Wakiwa wamebakiwa na wiketi moja, yaani akitoka mpigaji mmoja tu wameshindwa, na mikimbio miwili ya kushinda, mrushaji wa Australia Nathan Lyon alimgonga Ben Stokes pedi. Mwamuzi Joel Wilson akakataa. Kompyuta ikaonyesha mpira unagonga vijiti, lakini Australia hawakuwa tena na nafasi ya kuomba uamuzi upitiwe kwa kompyuta. Stokes akamaliza na 135, bila kutolewa, na Uingereza wakashinda. Mpaka leo muuza vyombo anamtaja Wilson kwa uchungu.

Lakini nafasi yao ya mwisho ilikwenda wapi? Muda mfupi kabla waliitumia kwa Jack Leach, mpigaji mwenzake Stokes, kwa mpira uliodunda nje kabisa ya kijiti cha upande wa miguu. Swali la kwanza lingetosha kuwazuia. Nilipomweleza hivyo muuza vyombo, alinyamaza, akaomba tuitazame tena kwenye simu.

Sauti ikizimwa, upigaji nao unaonekana upya. Mtangazaji anaishi kwa mipira inayozaa mikimbio minne au sita kwa mpigo. Nikachukua daftari la mauzo la zamani, nikawa naandika kila mpira: nukta kwa usiozaa kitu, duara kwa ulioachwa upite kwa makusudi. Hapo ndipo nilipomwelewa Cheteshwar Pujara, mpigaji wa India. Januari 2021 pale Brisbane, Australia, siku ya mwisho, India wakifukuzia mikimbio 328, alicheza mipira 211 akapata mikimbio 56. Alipigwa kwenye kofia, mbavuni, vidoleni, akabaki pale pale. Sifa zilimwendea mwenzake Rishabh Pant aliyemaliza na 89, na alizistahili. Ila warushaji aliokutana nao Pant walikuwa wameshachoka, na kazi hiyo ya kuwachosha aliifanya Pujara. Kwenye ubao wa matokeo huioni. Kwenye daftari ni kurasa nzima za nukta.

Sasa ubishi dukani umebaki mmoja, nami naupenda. Kompyuta ikionyesha kwamba chini ya nusu ya mpira ingegusa vijiti, uamuzi wa awali wa uwanjani unabaki. Mzee hakubali: "Kijana wangu, kuguswa ni kuguswa. Mpira ukigusa kijiti hivyo kikaanguka, utaniambia ni nusu?" Mimi namjibu, "Mzee, mpira huo haukufika. Ulikomea kwenye pedi, na njia iliyobaki imekadiriwa." Kadiri mpigaji anavyosogea mbele, ndivyo kadirio linavyorefuka, na pale tofauti inapokuwa ndogo namwamini mtu aliyesimama nyuma ya vijiti vya upande wa mrushaji akiutazama mpira kwa macho yake. Muuza vyombo yuko upande wangu kwa hilo, isipokuwa Pakistani wakiwa ndio wanaorusha mpira.