Jinsi nilivyofuatilia seli za kinga ya asili zinapokutana na virusi vya influenza

Utafiti wa shahada yangu ya uzamili, nilioufanya Dar es Salaam, ulikuwa na swali moja: damu ya mtu mzima mwenye afya inapochanganywa na virusi vya influenza A, ni seli zipi za kinga ya asili zinazoitika kwanza, na huitika kwa kufanya nini? Kingamwili mpya na seli T mahususi huhitaji siku kadhaa kuwa tayari, ilhali kirusi kilichoingia katika seli ya njia ya hewa huweza kutoa kizazi kipya ndani ya saa sita hadi kumi. Pengo hilo hujazwa na kinga ya asili, na kwa sababu kila aina ya seli ina saa yake, niliona mapema kwamba kazi yangu yote ingekuwa ya kupanga muda.

Jambo la kwanza lilikuwa damu yenyewe. Baada ya kupata kibali cha maadili na ridhaa ya waliojitolea, nilikusanya damu katika mirija ya kifuniko cha kijani, yenye heparini, badala ya ile ya zambarau inayotumika kwa hesabu ya kawaida ya damu, kwa kuwa dawa iliyomo katika ya zambarau hufunga kalisiamu ambayo seli hai huihitaji. Nutrofili, ambazo kwa watu wengi ndizo nyingi kuliko seli nyeupe nyingine zote, hazivumilii kusubiri: hufa mapema, hazigandishwi zikabaki hai, na zikitikiswa sana hujiwasha zenyewe kabla hazijaonyeshwa kirusi chochote. Kwa hiyo nilikubaliana na mhudumu anayechukua damu katika kliniki kwamba sampuli zingetolewa asubuhi, zibebwe kwa mkono katika joto la kawaida la chumba, bila barafu, na kazi ianze zinapofika. Wenzangu waliona ni ukali usio na sababu. Kwa nutrofili, sababu ipo.

Sehemu moja ya damu niliiacha nzima kwa ajili ya hizo nutrofili. Nyingine niliimwaga polepole juu ya kimiminika cha Ficoll chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, kwa njia ambayo Arne Bøyum wa Norwe aliichapisha mwaka 1968, kisha nikaizungusha katika sentrifuji kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 30 huku breki ya mashine ikiwa imezimwa. Seli nyekundu na nutrofili huzama chini, na katikati hubaki utepe mweupe mwembamba wenye aina nyingine za seli nyeupe: limfositi, monositi, seli za NK ambazo huua seli zilizoambukizwa, na seli za dendriti ambazo hutambua vijidudu na kuziarifu nyingine. Breki isipozimwa, utepe huo huvurugika, na hapo hakuna cha kuokoa.

Mashine ya kusoma seli mojamoja kwa mwanga (saitomita) tuliyokuwa nayo ilinunuliwa kwa ajili ya kuhesabu seli za CD4 za watu wanaoishi na VVU, nayo ilisoma rangi nne tu kwa wakati mmoja, kila rangi kwa kawaida ikibebwa na kingamwili inayoshika protini fulani ya seli. Maabara tajiri husoma rangi ishirini na zaidi, hivyo maelekezo mengi yaliyochapishwa hayakunifaa kama yalivyokuwa. Niliyagawa maswali yangu katika mirija mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa CD3, CD56, CD16 na CD69, ambayo ni majina ya protini zinazotambulisha seli: seli isiyo na CD3 lakini yenye CD56 ni seli ya NK, na CD69 huonyesha kwamba imeamshwa. Wa pili ulikuwa wa monositi, kwa kutumia CD14, CD16 na HLA-DR (alama nyingine ya juu ya seli), nikabakiza rangi moja kwa ajili ya kutenga seli zilizokufa, kwa maana seli mfu hushika kila kingamwili na kudanganya macho. Wa tatu ulihusu seli za dendriti, na ndio ulionipa kazi kubwa: nilifuta kwa rangi moja seli zote zenye alama za ukoo mwingine, kisha katika zilizobaki zenye HLA-DR nikatafuta zenye CD123 nyingi na zisizo na CD11c. Hizo ndizo seli za dendriti aina ya plazmasitoidi. Ni chache mno, pungufu ya seli moja katika kila mia mbili za utepe ule mweupe, kwa hiyo nililazimika kusoma seli 500,000 kwa kila sampuli ili nibaki na idadi ya kutosha kusema lolote la maana.

Mpangilio ulipokamilika, saa za kila seli zilijitokeza zenyewe. Katika damu nzima, nutrofili zilibadilika mwanzoni kabisa: zilipunguza CD62L kwenye utando wao na kuongeza CD11b, protini inayozisaidia kushika ukuta wa mshipa na kupenya kwenda kwenye kidonda au mapafu. Interferoni alfa, protini ambayo seli huitoa kuzitahadharisha nyingine dhidi ya virusi, ilianza kupimika katika majimaji ya seli baada ya saa kadhaa, na ikawa nyingi zaidi kufikia asubuhi iliyofuata. Seli za NK zilivaa CD69 baada ya interferoni kupanda, wala si kabla. Monositi nazo zilitoa CXCL10, protini inayoziita seli nyingine mahali pa maambukizi, na hiyo pia hutolewa kwa wingi pale interferoni inapogusa seli.

Mfuatano huo ulinifanya nishuku kwamba seli chache za plazmasitoidi ndizo zilizokuwa zikiongoza karibu kila nilichokiona. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hapa mpiga mbiu alikuwa mmoja katikati ya umati. Nilitumia shanga ndogo za sumaku zilizounganishwa na kingamwili kuziondoa seli hizo kabla ya kuweka kirusi. Interferoni alfa ilishuka hadi karibu na kiwango cha sampuli isiyo na kirusi, na CD69 ya seli za NK ikashuka nayo. Sioni jaribio jingine katika kazi yangu lenye uzito kuliko hilo.

Sababu ya uwezo wao inajulikana vizuri. Seli nyingi, zikiwemo zile za utando wa njia ya hewa, hutambua influenza kwa protini RIG-I iliyomo ndani ya saitoplazma, ambayo hukamata RNA (chembe inayobeba maelekezo ya urithi) ya kirusi kikishaanza kujizalisha, na kirusi nacho kina protini NS1 inayozima taarifa hiyo. Seli ya plazmasitoidi haingoji uzalishaji. Humeza kirusi, hukifungua katika kifuko cha ndani chenye tindikali, na kipokezi TLR7 kilichomo humo huigusa RNA moja kwa moja. Tena huwa na akiba ya protini IRF7 tangu mwanzo, ile inayowasha jeni za interferoni. Ndiyo maana niliweka pia sampuli zenye kirusi kilichouawa kwa mionzi ya urujuanimno, na interferoni ikatoka vilevile. Halikuwa jambo geni: Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoigundua interferoni London mwaka 1957 walitumia utando wa mayai ya kuku na kirusi cha influenza kilichouawa kwa joto.

Aliyeniuliza kwa nini nijisumbue na seli chache hivyo nilimjibu kwa UVIKO-19. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kwamba, kati ya wagonjwa 987 waliokuwa na nimonia ya kuhatarisha maisha, 101 walikuwa na kingamwili zilizozima interferoni za mwili wao wenyewe. Kinga ya asili ikinyamazishwa katika saa zake za mwanzo, ugonjwa hubadilika sura.

Katika kuandika matokeo nililazimika kuamua namna ya kutaja nutrofili. Watu wengi wa asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana protini ya Duffy kwenye seli nyekundu, hali ambayo huwakinga dhidi ya Plasmodium vivax, kimelea cha aina mojawapo ya malaria, na ambayo huambatana na idadi ndogo ya nutrofili katika damu bila ugonjwa wowote. Viwango vya vitabu vilivyotokana na watu wa Ulaya vingewafanya baadhi ya waliojitolea waonekane wagonjwa. Niliacha kulinganisha idadi kwa kila mililita, nikapima mabadiliko ya kila seli dhidi ya sampuli ya mtu huyohuyo isiyo na kirusi.

Damu, hata hivyo, si pafu. Makrofaji wa vifuko vya hewa, seli zinazomeza vijidudu na ambazo ndizo walinzi wa kwanza kule ndani, hawapatikani katika mshipa wa mkono, na kumwingizia mtu mwenye afya kifaa cha kuoshea mapafu kwa ajili ya shahada yangu nilikuona hakustahili. Badala yake, kwa kibali cha nyongeza, nilichukua sampuli za pua kwa pamba kutoka kwa watu wazima waliokuwa na mafua na kipimo chanya cha influenza. Ute uliyeyushwa kwa dithiothreitoli, kemikali inayolegeza kamasi, sehemu ikapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ileile tunayoitumia kila siku kutafutia malaria. Nutrofili zenye kiini cha vipande vipande zilijaa uwanja wa hadubini, zikiwa na monositi hapa na pale. Seli za plazmasitoidi katika ute huo zilikuwa chache kupita uwezo wa mashine yetu ya rangi nne, hivyo nilipima alama ambayo seli hizo huiacha: RNA ya MxA, protini ambayo seli huitengeneza zinapoguswa na interferoni, na ambayo ilikuwa juu katika sampuli za wagonjwa kuliko za wale wasio na mafua.