Umerudi na mradi gani?

Tangu nimeshuka Mtwara mwezi wa kumi na moja nikitokea Japani swali ni lile lile, sokoni, msibani, hata barazani kwa mama, "sasa bwana umerudi na mradi gani?" Wanategemea niseme gesti au basi la kwenda Dar, na mimi nawajibu ukweli, nimerudi kwenye mikorosho ya mjomba kule Nanguruwe na kila siku tunarekebisha kitu kimoja. Basi. Wengine wananionea huruma kabisa lakini jamani hili nalisema kwa moyo wote, mtu anakua hivi. Haba na haba tumeimba tangu shule ya msingi ila ukubwani tunaikumbuka kwenye vikoba tu, kwenye kazi na tabia zetu kila mtu anasubiri kishindo.

Japani nilikuwa kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, pembeni ya Nagoya. Kaizeni, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, wengi mmeshaisikia, hata kwetu imeingia viwandani na hospitalini. Watu wanadhani ni uchawi wa Wajapani peke yao, wakati Eiji Toyoda wa Toyota alienda Marekani mwaka 1950 akaangalia kiwanda cha Ford, akakuta wafanyakazi wanatoa mapendekezo, na 1951 Toyota nao wakaanzisha utaratibu wao. Na sio mawazo makubwa, ni kusogeza boksi la nati karibu ili mtu asiiname kila saa. Halafu kuna ile kamba, mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja, isipotatuka haraka laini inasimama. Hiyo kamba ndio niliipenda kuliko vyote, maana hata aliyeajiriwa juzi anayo haki ya kuivuta.

Sasa njoo shambani. Nimefika korosho zinaanguka kweli kweli, zinaokotwa zote ndoo moja, nzuri na mbovu, jioni mama anakaa kwenye jamvi anachambua mpaka giza linaingia, na daraja la pili pale chama cha msingi bei yake mnaijua wenyewe. Nikaanza kumuuliza mjomba kila jioni, shikamoo ikishapita, "mjomba, leo nini kimetuchelewesha?" Siku za mwanzo alikuwa anacheka tu. Mama ndio akajibu, "si mbebe ndoo mbili wanangu, mchague huko huko." Tukabeba mbili. Baadae mjomba mwenyewe akasema tufagie chini ya miti kwanza, majani yanaficha korosho, ikilala huko na mvua za kwanza hizi inaharibika. Tukafagia. Siku nyingine tukagundua asubuhi yote inaisha watu wanatafuta tupa ya kunolea panga, tukaifunga kamba kwenye mkorosho wa katikati, mpaka leo ipo pale.

Sikia kimoja kimoja utaona havina maana. Lakini mjomba, mzee wa zaidi ya miaka sabini, kanunua daftari! Anaandika kwa herufi kubwa kubwa, "MSTARI WA PILI, MTI WA NNE, MATAWI YAMEGUSANA." Mikorosho yetu ya zamani ilipandwa imebanana, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanashauri mita 12 kwa 12, hatuwezi kung'oa shamba zima kwa mkupuo, kwa hiyo baada ya msimu tukawa tunapogolea mti mmoja mmoja, jua linaingia, upepo unapita. Vijana wa kibarua nao wameanza kusema, zamani walikuwa wanaona kasoro wananyamaza maana ni shamba la mtu. Mimi hilo ndio naliita maendeleo, kuliko hata kilo zitakazopatikana, na kilo nazitaka sana.

Wenzangu mliorudi kutoka Oman, Dar, popote, mkiulizwa mradi msione aibu kusema bado najenga kidogo kidogo.

Saa hizi ni mwezi wa sita, maua yanaanza kuchungulia na ugonjwa wa ubwiri unga haungoji mtu, dawa yake ya salfa lazima ipigwe alfajiri kabla upepo haujaamka. Jana mashine ya kupulizia ilikuwa inakata kata. Mjomba keshaiandika, kwa hiyo kazi ya leo ni hiyo, tunaifungua tuone imeziba wapi.