Mdogo wangu, unga, na maneno ya watu

Mie sina ugomvi na mtu, ila wale wanaokuja kunishauri ati mtu wa unga, yaani heroini, afungiwe chumbani mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imuishe, hao tutakosana. Mdogo wangu ametumia miaka, alianza kuvuta akaishia kujidunga, na hapa Mombasa nyumba ambayo haijaguswa na haya mambo uitafute kwa tochi, iwe Mji wa Kale, iwe Kisauni, iwe Likoni. Lakini ukimtaja wako, watu wakutazama kana kwamba wenyewe hawana.

Nyumbani wazee waliamua afungiwe. Ndoo, dumu la maji, kufuli nje. Usiku kucha twamsikia atapika, aharisha, mifupa yamuuma mpaka apiga ukuta, na mamangu kakaa chini upande huu wa mlango yuwalia. Ikapita. Kila mtu akasema alhamdulillahi kapona, mpaka biriani ikapikwa. Haikuchukua muda akarudi maskani, pale wanapokutania watu wa unga, akapiga kipimo kile kile alichozoea, na mwili ushasahau, akazima palepale. Kilichomuokoa ni kijana mmoja wa zile huduma za mtaani alokua na naloksoni, ile dawa ya kumzindua mtu aliyezidisha. Yaani mtu akikaa bila halafu arudie dozi ya zamani, hapo ndipo hatari kubwa, na katika wote waliokua na ushauri hakuna hata mmoja alotwambia hilo.

Sasa mbona hakwenda hospitali mapema? Alienda. Alikua na jipu la sindano pajani, akajikaza akaenda zahanati, muuguzi akamwambia mbele ya foleni nzima, "Nyie mateja kaeni kule nje, mwanuka, na nyie wengine angalieni simu zenu." Akatoka. Tangu siku hiyo jipu alifunga kwa kipande cha leso yangu kuukuu, likatunga usaha mpaka mguu hauingii suruali. Nkimwambia twende ajibu, "Dada, heri nife na kidonda kuliko maneno yale." Hapo ndipo nlijua unga peke yake sio unaoua watu, aibu inawafungia mlango wa matibabu.

Yule kijana wa naloksoni ndiye alotupeleka kliniki ya metadoni, ile dawa wanayopewa badala ya unga, na jipu likatibiwa pia. Hii programu Kenya ilianza Desemba 2014 kule hospitali ya Mathari, Nairobi, halafu ikaja kwetu pwani. Dawa yenyewe ya kunywa, kila siku, mbele ya muuguzi, na ni bure, gharama yako ni nauli tu, ambayo mvua ikinyesha tuktuk wapandisha watakavyo. Mtaani wakaanza, "Huo si ni unga wa serikali." Wallahi lilinikera. Dozi ikishapangwa sawa hapati stimu, arosto inakaa mbali siku nzima, hana haja ya kuiba wala kujidunga, anaweza kula, kulala, kufanya kazi. Mwenye sukari akidungwa insulini kila siku mbona hamumsemi?

Ila kunywa dawa peke yake hakutoshi kama mtaa mzima ungali wakuita mwizi. Mie huuza mahamri na mbaazi asubuhi pale kibarazani, nkamuweka anisaidie. Wateja wakaanza kupungua, mmoja akaniambia wazi hawezi kula kilichoshikwa na teja. Nkafikiria, nkapata la kufanya. Asubuhi foleni ikiwa imejaa natoa noti ya elfu, naiinua juu kila mtu aione, namwambia kwa sauti, "Hebu nenda duka la mwisho kule niletee chenji." Si duka la jirani, la mwisho kabisa, apotee machoni. Watu kimya! Mama mmoja akanikonyeza, mzee mmoja akasema, "Mwanangu, elfu yako ishakwenda hiyo." Mie naendelea kupakua mbaazi, moyo wadunda lakini usoni sioneshi. Huyoo anarudi, jasho lamtoka, anahesabu moja moja mkononi mwangu, nami nahesabu naye kwa sauti, imetimia. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Mpaka ikafika wateja wenyewe ndio wamtuma, "Wee kijana, nkatie chenji na mimi." Usinambie mtaa haubadiliki, unabadilika ukioneshwa kwa macho.

Ameshawahi kuteleza tangu hapo, sitadanganya, na kliniki hawakumfukuza, walimuuliza kilichotokea wakaangalia dozi upya. Nyumbani pia nlipiga marufuku kumkumbusha kosa hilo.

Yule mama alonikonyeza alinivuta kando juzi juzi, kumbe kijana wake yuko maskani na hajawahi kumwambia mtu. Nlimpa namba ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, kupiga ni bure, nkamwambia asimtume kliniki peke yake, waende pamoja, maana peke yake atageukia njiani. Na mkitukanwa dirishani msigombane pale foleni, mgonjwa atakimbia na hamtamrudisha. Mkalisheni kwanza, halafu uliza mkubwa wa pale ni nani, uingie ofisini kwake useme neno kwa neno alivyoambiwa.