Wajumbe wa Balaki Walipoongeza Dau

Somo: Hesabu 22:1–35

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Dirisha la usajili wa wachezaji wa mpira likifunguliwa, Dar es Salaam yote inazungumza fedha. Kariakoo, Tandika, Mbagala, kwenye vijiwe vya bodaboda na vibanda umiza, hata pale nje ya kanisa baada ya ibada ya kwanza, habari ni nani anatoka, nani anakuja, na dau ni kiasi gani. Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kwaya alikuwa na simu mkononi, anapiga hesabu ya mshahara wa Cristiano Ronaldo. Klabu ya Al Nassr ya Riyadh, Saudi Arabia, ilipomsajili mwishoni mwa 2022, vyombo vya habari viliripoti kwamba angepata karibu euro milioni 200 kwa mwaka. Kijana akageuza kuwa shilingi, akagawa kwa siku 365, ikatoka zaidi ya bilioni moja kwa siku. Wenzake wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Hapo hata mimi ningesema Mungu ndiye ameniita."

Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu katika Maandiko yupo mtu aliyeitwa kwa fedha za mfalme, akaenda kuuliza kwa Mungu.

Balaki, mfalme wa Moabu, aliwaona Israeli wamepiga kambi karibu na Yordani, akaingiwa na hofu. Akamtaka mtu mwenye jina, Balaamu mwana wa Beori, aliyekaa mbali kule Pethori, na sababu aliitaja mwenyewe: "najua ya kuwa yeye umbarikiye amebarikiwa, naye umlaaniye amelaaniwa." Wazee wa Moabu na Midiani wakafunga safari, ujira wakiwa nao mikononi. Watu walikuwa wanamwamini Balaamu. Mfalme alitaka imani hiyo ya watu ifanye kazi upande wake.

Kwa hiyo, wapendwa, tusiishie kwenye hesabu ya simu. Tuulize pia anayelipa anataka nini. Juni 2023 Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, ambao mwenyekiti wake ni Mwanamfalme Mohammed bin Salman, ulichukua asilimia 75 ya klabu nne kwa mpigo: Al Hilal, Al Nassr, Al Ittihad na Al Ahli. Kiangazi hicho wakaingia wachezaji wenye majina: Benzema, Kanté, Mané, Mahrez, Neymar. Nchi hiyo ina mpango wake, Dira ya 2030, wa kuacha kutegemea mafuta peke yake na kuvuta wageni na biashara; Desemba 2024 ikapewa rasmi Kombe la Dunia la 2034. Watetezi wa haki za binadamu wanasema mpira unatumika pia kusafisha sura ya nchi. Vyovyote iwavyo, fedha ya namna hii hainunui mabao tu. Inanunua jina la mtu, na mapenzi ya mamilioni wanaolipenda jina hilo, wakiwamo watoto wetu wa Temeke wanaovaa jezi yake.

Sisemi kwamba mchezaji akilipwa vizuri ametenda dhambi. Mtenda kazi anastahili ujira wake, Bwana mwenyewe alisema. Maisha ya mpira ni mafupi, goti moja likigoma ukoo mzima unarudi kwenye shida. Neymar aliumia goti Oktoba 2023, akaichezea Al Hilal mechi saba tu, na mkataba ukavunjwa Januari 2025. Nimesikia watu wakisema Mungu alimwadhibu. Tusiseme hivyo, hatukuitwa kuwa mahakimu wa magoti ya watu. Na Sadio Mané, kabla hajafika Al Nassr, alikuwa ameshajenga hospitali kijijini kwao Bambali, Senegal. Hakusubiri mkataba mnono kuliko yote ndipo awakumbuke wa kwao.

Shida ya Balaamu iko kwingine, na hapa naomba tusome polepole. Usiku wa kwanza Mungu alimjibu bila kuficha: usiende pamoja nao, usiwalaani watu hawa, maana wamebarikiwa. Asubuhi akawaaga wajumbe. Balaki hakukata tamaa. Akatuma wakuu wengine, wengi zaidi na wenye heshima kuliko wale wa kwanza, na ahadi ya kumpandisha cheo sana. Balaamu akatoa jibu ambalo mhubiri yeyote angelisimamia madhabahuni: hata Balaki akinipa nyumba yake imejaa fedha na dhahabu, siwezi kupita neno la Bwana. Halafu papo hapo akaongeza: laleni hapa usiku huu pia, nijue Bwana ataniambia nini zaidi.

Zaidi ya lipi? Jibu alikuwa nalo. Kilichobadilika kati ya usiku ule na huu ni dau.

Hapa ndipo panaponiumiza, kwa kuwa napaona nyumbani kwetu. Mwalimu wa kwaya anaitwa na kanisa kubwa, anaomba, moyo unamwambia baki, hawa watoto ndio kwanza wanaanza kusoma nota. Wanarudi na mshahara mara tatu na chumba cha bure, naye anatutangazia maombi ya siku saba. Binti anafuatwa na wakala wa kazi za ndani za Uarabuni. Familia inaomba na kukataa, maana mkataba haueleweki na wakala hataki kumtaja mwajiri. Wiki mbili baadaye wakala anapandisha mshahara, na wazazi walewale wanampigia mchungaji simu: tuombee tena, huenda Mungu amefungua mlango. Maombi ya namna hiyo Mungu anaweza kuyaitikia, kama alivyomwitikia Balaamu, "enenda pamoja nao," na hasira yake ikawaka mtu alipoondoka. Mstari huo unanitisha kuliko yote katika sura hii. Mtu anaweza kuachiwa aende, akadhani amebarikiwa.

Na mnajua ni nani aliyemwona malaika mwenye upanga njiani? Punda. Balaamu, mwonaji aliyesifika hadi ikulu ya Moabu, hakuona kitu, akampiga punda wake mara tatu. Katika nyumba nyingi aliyeuona upanga ni mama, au mke, au mdogo mtu aliyeuliza swali moja la kawaida mezani: "Sasa kaka, huo mkataba unasema ukiumwa nani analipa?" Akanyamazishwa kwamba ana wivu, hataki wenzake wafanikiwe. Ndugu zangu, msiwapige hao.

Julai 2023 iliripotiwa kwamba Al Hilal ilitoa ofa ya euro milioni 300 kumnunua Kylian Mbappé. Klabu yake, PSG ya Paris, ikaruhusu mazungumzo. Yeye akakataa hata kukutana na wajumbe. Simfanyi mtakatifu, kila mfuatiliaji wa mpira alijua moyo wake uko Real Madrid, na mwaka uliofuata akaenda. Lakini ninajifunza kitu kwake. Hakuhitaji usiku wa pili, kwa sababu alishajua anapotaka kuwa. Yesu alisema, "hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako." Muumini ambaye hajaamua anampenda nani atateseka na kila mjumbe atakayebisha hodi, na kila ofa atalazimika kuianza upya kama ya kwanza.

Tukilaumu wenye mafuta, tukumbuke na sisi wa jiji hili. Mwaka 2021 Simba ilimwachia Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri, 2023 Fiston Mayele akaiacha Yanga kwenda Pyramids, nasi tukalalamika kwamba wenye fedha wanatubomoa. Timu za mikoani nazo zinasema hivyohivyo juu yetu kila msimu.

Lipo jambo moja ambalo hesabu ya yule kijana haikuligusa. Viwanja vya 2034 vitajengwa kwa sehemu kubwa na wageni kutoka Asia na Afrika, katika nchi ambayo kwa miaka mingi mfumo wa kafala umemfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake. Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Dada zetu wanaopika na kufua Riyadh na Muscat hawana wakala wa kuwapigania kama Ronaldo. Wana sisi.

Kwa hiyo jumuiya ikikutana wiki hii, tusome sura yote ya 22, kisha tuwaombee kwa majina walioko huko, na kila familia ije na namba ya simu ya mtu wake ili tuwapigie tukiwa pamoja. Na kama kuna mwenye mkataba mezani ambao hajausaini, wa mpira, wa kazi za ndani au wa kanisa, aje nao. Tutausoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuinama kuomba.