Nilivyopata Bunduki ya Mitutu Iliyopandana Iliyonikaa Begani Bila Kuvunja Kibubu

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda bata maji nilirudi mara nyingi na shavu lililovimba na mkoba mtupu. Bata walipita juu ya matete, karibu kabisa, nikafyatua, wakaendelea na safari yao. Wengine waliyumba, kisha wakadondoka mbali kwenye tope nisikoweza kuwafikia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kwa miezi nililaumu macho yangu, kumbe tatizo lilikuwa kitako cha bunduki.

Bunduki ile niliinunua kwa kuipenda sura. Ilikuwa mpya, mbao zinang'aa, ubavuni imechorwa nakshi za ndege. Aliyeniuzia hakuniuliza ninatumia bega gani, nami sikujua kwamba swali hilo ni la muhimu. Ninatumia la kushoto. Vitako vingi hupindishwa kidogo kwenda kulia, ili jicho la mtu wa mkono wa kulia lije lenyewe juu ya mtutu. Mimi shavu langu hukaa upande wa kulia wa kitako, na kitako chenyewe kimepindia hukohuko. Kila nilipoinua bunduki jicho lilibaki pembeni, kulia mwa mtutu. Katika bunduki ya marisau, yaani punje ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja, jicho ndilo kilengeo cha nyuma. Likienda kulia, marisau nayo yanaenda kulia.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja ninayewinda naye. Alitundika karatasi pana kama shuka, akachora duara jeusi katikati, tukasimama mita 15. "Mwanangu, usilenge," aliniambia. "Tazama duara tu, inua, fyatua. Ukianza kulenga utaisaidia bunduki, nasi tunataka iseme ukweli." Nilipiga mara nane kwa mtutu wenye mdomo uliobanwa zaidi. Tulipoisogelea karatasi, duara lilikuwa safi, na tundu lenye kingo zilizochanika lilikuwa sentimita 10 kulia kwake.

Kisha akanipa hesabu ambayo sijaisahau. Kwa umbali ule, kila sentimita 2.5 za kukosea kwenye karatasi ni kama milimita 1.6 za kurekebisha kwenye kitako. Kwa hiyo jicho langu lilikuwa nje kwa milimita 6 na ushee. Unaweza kuona ni kidogo, lakini bata akiwa mita 30 kosa lile linakuwa sentimita 20, na hapo kitovu cha marisau kinapita pembeni mwake. Yanayompata ni yale machache ya ukingoni. Nikaelewa wale waliokuwa wakiyumba walijeruhiwa na nini.

Nilimuuliza fundi bunduki kama kitako kinaweza kupindwa. Akasema kinawezekana kwa joto, ila bunduki nyingi za mitutu iliyopandana zina boliti ndefu inayopita katikati ya kitako, na boliti hiyo haikubali mpindo mkubwa. Akaniuliza pia nitapiga marisau gani. Nikakwama tena.

Suala la marisau halikwepeki siku hizi kwa mtu wa ndege wa majini. Bata humeza vipande vya madini ya risasi wakidhani ni changarawe, vikawaua kwa sumu. Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini hayo kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayapiga marufuku kwenye ardhi oevu zote Februari 2023. Wengi tunatumia ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, hivyo unachagua punje kubwa zaidi kwa namba mbili hivi: namba ikishuka punje inakua, hivyo uliyezoea namba 5 unakwenda namba 3. Katriji za chuma zenye nguvu zinataka bunduki iliyopimwa kwa ajili yake, na kwa bunduki zilizopimwa Ulaya alama yake ni muhuri mdogo wa ua la yungiyungi kwenye mitutu. Punje zenye kipenyo cha zaidi ya milimita 4 hazipaswi kupita kwenye mdomo uliobanwa kuliko nusu (midomo hubanwa kwa viwango, kama robo, nusu na kamili, ili marisau yasitawanyike upesi). Bunduki yangu haikuwa na muhuri ule, na chemba zake, yaani nafasi za kuwekea katriji, zilikuwa za milimita 70. Katriji ya milimita 76 huingia humo bila kukataa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na mgandamizo unapanda. Niliiuza kwa hasara.

Safari hii nilipanga fedha kinyume na mwanzo. Kwanza nilitenga za fundi wa kurekebisha kitako, kisha za katriji za majaribio, na zilizobaki ndizo zikawa za bunduki. Kwa hiyo nilitafuta iliyotumika, isiyo na urembo, ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), chemba za milimita 76, midomo ya kubadilisha, muhuri wa marisau ya chuma, na kitako kilichonyooka kisicho na mpindo wa upande wowote. Hicho cha mwisho ndicho kilichonichosha.

Uzito niliufikiria sana. Zipo zenye mwili wa alumini, karibu kilo 3 tu, na ukitembea kutwa zinakupumzisha mkono. Lakini mwindaji wa bata anakaa zaidi kuliko anavyotembea, na anapiga katriji nzito za gramu 36 na zaidi. Bunduki nyepesi kwa katriji hizo inapiga teke mpaka unaanza kuiogopa, na ukiiogopa unafumba macho kabla ya kufyatua. Nilichagua kilo 3.5.

Niliangalia tano, kila moja kwa ruhusa ya mwenyewe na baada ya kuifungua kuhakikisha haina kitu ndani. Nilivyofundishwa ni kuitoa mitutu, kuining'iniza kwenye kidole na kuigonga kwa fundo la kidole kingine. Mitutu mizima inalia kama kengele. Ya tatu ilikuwa rahisi kwa kushangaza, lakini nilipoigonga ikatoa sauti ya kigae kilichopasuka, ishara kwamba utepe wa chuma ulio juu ya mtutu umeachia lehemu mahali. Mwenyewe aliniambia ni uchafu tu, na kwamba kuna mteja mwingine njiani. Nilimshukuru nikaondoka. Ya nne nilipoielekeza kwenye mwanga ilionyesha kivuli cha pete katikati ya mtutu wa chini, yaani umetuna. Hiyo haikuwa na mjadala.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wa bunduki za bata maji wanalisahau ni kifyatulio. Bunduki nyingi za aina hii zina kifyatulio kimoja, na kwa baadhi yake mtutu wa pili haujiandai mpaka teke la mtutu wa kwanza liusukume. Katriji ikilowa isilipuke, teke hakuna, na mtutu wa pili unabaki kimya mpaka usogeze kiteuzi, yaani kitufe cha kuchagua mtutu, kwa kidole kilichokufa ganzi kwa baridi. Nyingine hujiandaa zenyewe bila kutegemea teke. Namna ya kujua ni kuweka katriji bandia za mazoezi, kufyatua mtutu mmoja na kubonyeza tena bila kugonga kitako. Mimi nilitaka ya kujiandaa yenyewe, ila ile iliyonikaa vizuri kuliko zote ilikuwa ya teke. Nikachagua mkao, na tangu hapo katriji nazitunza kwenye mfuko usioingiza maji.

Ilikuwa Miroku, chapa ya Kijapani, iliyotumika, mitutu ya inchi 28, mbao zenye mikwaruzo. Kabla ya kulipa nilivaa koti langu zito la kuwindia, nikafumba macho, nikaiinua begani, nikafumbua. Jicho lilikuwa karibu juu ya utepe. Nilirudia mara kumi. Mara tatu kitako kilinasa kwapani kwenye koti, nikajua ni kirefu kwangu. Mara zote niliona utepe mdogo mno, karibu nichungulie chuma cha nyuma, nikajua mgongo wa kitako, pale shavu linapolalia, uko chini.

Kwenye karatasi ya mzee marisau yalikwenda chini kwa sentimita 5 na kulia kwa 5. Tulikata vipande vya ngozi ya mkanda, tukavibandika juu ya mgongo wa kitako kwa utepe wa gundi, kimoja, tukapiga, cha pili, tukapiga. Kwa vipande viwili, milimita 3 hivi, tundu lilipanda likakaa usawa wa duara. Ndipo nikaipeleka kwa fundi nikiwa na namba mkononi: pandisha mgongo milimita 3, pindisha kushoto milimita 3, punguza urefu milimita 12. Boliti iliukubali mpindo ule mdogo.

Iliporudi nilijaribu midomo kwa mita 35, nikichora duara la sentimita 76 mahali marisau yalipojaa na kuhesabu matundu moja moja. Chuma hakitawanyiki kama risasi, kwa hiyo mdomo wa robo ulijaza duara vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa mtutu wa chini una robo, wa juu nusu, na sipigi ndege aliye zaidi ya mita 35.

Asubuhi ya kwanza bata wawili walikuja kutoka kushoto, upande unaonisumbua. Sikumbuki kuuona mtutu. Niliona kichwa cha ndege, bega likasukumwa, naye akajikunja akaanguka hatua ishirini kutoka nilipokaa.

Fundi alinirudishia kile kipande cha mbao alichokikata, unene wa milimita 12, matundu ya skrubu yakiwa bado yapo. Nimekihifadhi ndani ya mkoba wa bunduki. Joto likija koti zito halivaliki, na kwa shati jepesi kitako kinakuwa kifupi kwangu, kwa hiyo ninakirudisha kipande hicho na skrubu ndefu mbili mpaka baridi irudi.