Kadi mbili za babu

Leo mchana, hapa Chamwino, bibi amenitolea chumbani kwake kopo la majani ya chai lenye kadi mbili za marehemu babu: moja ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, nyingine ya chama cha CCM.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 na ikawakusanya wakulima, wafugaji, makuli wa bandarini na walimu, watu ambao nje ya madai ya uhuru walikuwa na machache ya kuwaunganisha. Tarehe 5 Februari 1977 iliungana na chama cha ASP cha Zanzibar, ikazaliwa CCM.

Kilichonishika ni kadi ya zamani.

Penye sahihi pana alama ya dole gumba, wino umefifia, na mistari ya kidole ingali ikionekana.

"Babu yako alikuwa hajui kusoma, mjukuu wangu," bibi akasema, "lakini mkutanoni alikaa benchi moja na mwalimu."

Nimeishika kadi ile kwa muda mrefu bila kusema neno. Naamini nguvu ya chama kile ilikuwa kwenye benchi hilo, kuliko hata kwenye hotuba.

Ndugu zangu, je, kwenu wazee wametunza kadi kama hizi? Waliwasimulia nini?